Kona ya Magari ya Rimoti: Kabla ya Kugusa Skrubu

Barua nyingi za toleo hili zinahusu injini ya aina moja: ile ya nitro (inayotumia mafuta ya methanoli, nitromethani na oili) ya sentimita za ujazo 3.5, inayofungwa kwenye magari ya rimoti ya mizani ya 1:8, ikiwa imeongezwa nguvu kiwandani au mikononi mwa fundi. Injini hizi huzunguka mara 35,000 na zaidi kwa dakika, na nafasi iliyopo kati ya kukimbia vizuri na kuungua ni finyu kuliko ya injini ya kawaida. Karibu kila aliyetuandikia ameanza kwa kugeuza skrubu za kabureta. Sisi tunashikilia kwamba skrubu huguswa mwisho, baada ya kukagua uvujaji wa hewa, plagi, mafuta na uchakavu.

Ili tuelewane: kukaza ni kugeuza skrubu kufuata mwendo wa saa, mafuta yapungue. Kulegeza ni kuyaongeza. "Saa moja" ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale unavyotoka saa sita kwenda saa saba. Skrubu ya juu ndiyo inayotawala resi kubwa, na skrubu ya chini inatawala mwanzo wa kuondoka na sailensi, yaani injini inapozunguka taratibu triga ikiwa imeachiwa.

Habari zenu wahariri. Nina bagi (gari la rimoti la uwanja wa vumbi) yenye injini iliyoongezwa nguvu. Nikiachia triga baada ya kupiga resi, injini haishuki. Inabaki juu kwa sekunde tatu au nne ndipo inatulia, na mara nyingine inazima kabisa. Nimekaza na kulegeza skrubu ya chini mpaka sijui tena ilikuwa wapi. Nifanye nini? — Msomaji, Dar es Salaam

Ndugu yetu, kwanza acha kugeuza. Resi inayokawia kushuka ina sababu tatu za kawaida: mlango wa kabureta haufungi vya kutosha, skrubu ya chini imekazwa mno, au hewa inaingia mahali ambapo haikupangiwa. Zikague kwa mpangilio huo; hapa skrubu inatangulia uvujaji kwa sababu tu umeshaipoteza mahali pake, na lazima irudishwe kwanza.

Toa filta ya hewa, washa rimoti na gari, kisha chungulia ndani ya kabureta triga ikiwa imeachiwa. Uwazi unaotakiwa ni kama milimita 0.7. Tumia ncha ya dirili ya milimita 0.7 kama kipimo: ipite kwa kugusa kidogo pembeni. Wengi huacha uwazi wa milimita moja na nusu kwa sababu skrubu ya chini imelegezwa mno, hivyo bila uwazi mkubwa injini ingezimwa na mafuta mengi. Ikipata moto na kusafisha yale mafuta, uwazi ule ule unaipandisha resi. Wakati huohuo hakikisha fimbo ya servo (mota ndogo inayovuta mlango wa kabureta na breki) haikwami, na kwamba breki haianzi kushika kabla mlango haujafunga.

Ukishaweka uwazi, rudisha skrubu ya chini kwenye kipimo cha kiwandani, kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na injini. Endesha mizunguko mitatu minne ya uwanja mpaka injini ipate moto, kisha fanya jaribio la kubana mpira. Injini ikiwa kwenye sailensi, bana mpira wa mafuta sentimita mbili tatu kutoka kwenye kabureta na uhesabu. Ikiendelea sekunde mbili hadi nne, sauti ikapanda kidogo kisha ikazima, skrubu ya chini iko mahali pake. Ikizima chini ya sekunde mbili, mafuta ni machache. Legeza saa moja. Ikipita sekunde tano, yamezidi. Kaza saa moja. Kila baada ya kugeuza, endesha mzunguko mzima ndipo upime tena, kwa sababu mafuta ya ziada yaliyokusanyika kwenye nyumba ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) huchelewa kuisha.

Kama jaribio linakupa jibu tofauti kila mara, au mwendo unabadilika tangi linapopungua, basi hewa inavuja, na hakuna skrubu itakayoponya hilo. Anza na tangi: litoe, ziba njia moja, puliza taratibu kwenye nyingine huku limezamishwa kwenye beseni la maji, na uangalie mapovu kwenye kifuniko na kwenye viungo vya mipira. Mipira yenyewe badilisha bila huruma; tundu la pini usiloliona linatosha kukuharibia siku. Kisha nenda kwenye shingo ya kabureta. Legeza boliti inayoibana, toa kabureta, kagua oringi, paka utando mwembamba wa silikoni ya gasketi inayovumilia joto, irudishe na uisukume chini huku ukikaza. Fanya vivyo hivyo kwenye bamba la nyuma la injini, ukikaza skrubu zake kwa kukingamanisha ili lisikae upande.

Mwisho ni beringi ya mbele. Jasho kidogo la mafuta nyuma ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na kranki) ni la kawaida. Tope la mafuta na vumbi linalojaa upya kila tangi ni dalili kwamba shingo ya kranki au nyumba yake imelika, na hapo hewa inafyonzwa kila pistoni inapopanda.

Mimi hukimbiza gari Nairobi na mwezi ujao tunashuka Mombasa. Injini yangu imetulia kabisa huku, skrubu ya juu iko mizunguko miwili na robo tatu. Niiache hivyo hivyo? — Msomaji, Nairobi

Usiiache, tafadhali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ukifika Mombasa, hata ukiondoa athari ya joto la pwani, kila mkupuo wa hewa unaoingia kwenye kabureta una uzito wa takriban asilimia 18 hadi 20 zaidi. Kabureta haina macho ya kuliona hilo. Itapitisha mafuta kwa kipimo kile kile cha Nairobi, hewa itazidi, joto litapanda. Na kwenye injini hizi mafuta ya kulainisha yamo ndani ya mafuta ya kuwasha, kwa hiyo unapoinyima injini chakula unainyima na kinga yake. Pistoni inaweza kukwaruzika ndani ya mbio za kwanza.

Kabla hujaiwasha Mombasa, legeza skrubu ya juu saa nne na ya chini saa moja au mbili. Itaanza ikiwa nzito na moshi mwingi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa ianze. Ipashe moto, halafu kaza skrubu ya juu saa moja kwa wakati, ukiangalia moshi kwenye sehemu ndefu ya uwanja. Unataka uone uzi mwembamba wa moshi wa buluu wakati wote gari linapofungua. Moshi ukipotea umepita; rudi saa mbili nyuma. Ukimaliza ya juu ndipo uishughulikie ya chini, kisha sailensi. Mpangilio huo usiupindue, kwa sababu kwenye kabureta nyingi skrubu ya juu inagusa pia mafuta ya chini.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kompresheni. Baadhi ya madereva wa nyanda za juu huondoa shimu moja, yaani ile washa nyembamba iliyo chini ya kichwa cha injini, ili kufidia hewa nyepesi. Kama uliiondoa, irudishe kabla ya kushuka. Hewa nzito ya pwani ndani ya kichwa kilichobanwa italeta mlipuko wa mapema: utasikia sauti ya kukaanga bisi kwenye resi kubwa, na waya wa plagi utakatika au kujikunja. Unaporudi Nairobi fanya kinyume, ila usikaze chochote ukiwa nyumbani. Iwashe uwanjani, iache iseme ni nzito, ndipo ukaze.

Kopo la mafuta haya halipokelewi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Kama mnasafiri kwa ndege, tafuteni mafuta huko mnakokwenda.

Asalaam aleikum. Huku Maskati wakati wa joto hewa inafika nyuzi 42. Kipimajoto changu kinasoma 128 kwenye kichwa cha injini na marafiki wananiambia nilegeze mpaka isome 105. Nikilegeza hivyo gari haliondoki. Nani mkweli? — Msomaji, Oman

Waaleikum salaam ndugu yetu. Kipimajoto kinasema kweli, lakini kinajibu swali tofauti na lile unalouliza. Injini za 3.5 za mashindano kwa kawaida huwa na furaha kati ya nyuzi 105 na 125 Selsiasi, zikipimwa kwa kulenga shina la plagi ndani ya tundu la kichwa. Vipimo hivyo vimezoeleka kwenye hewa ya nyuzi 20 hadi 30. Hewa ikiwa 42, kichwa hakiwezi kujipooza kama kawaida, na injini yenye mafuta sahihi kabisa itasoma juu zaidi. Ukiilazimisha ishuke hadi 105 kwa kuizamisha kwenye mafuta, unapata gari zito, plagi inayolowa, na klachi inayoteleza kwa sababu injini haipandi haraka. Klachi inayoteleza nayo inapika beringi za kengele yake, yaani kikombe kinachoizunguka.

Angalia moshi kwanza, usikilize inavyoondoka, na usome plagi. Endesha mizunguko mitano kwa nguvu, zima ghafla bila kuiacha kwenye sailensi, utoe plagi. Waya uliokaa vizuri una umbo lake la mviringo na mng'ao uliofifia kidogo. Ukiwa unang'aa kama mpya na umelowa, mafuta ni mengi. Ukiwa wa kijivu, umekunjamana au umesukumwa upande, injini ina njaa au kompresheni imezidi. Vichembe vya chuma vilivyoganda kwenye waya ni habari mbaya zaidi: ni mabaki ya pistoni, ya beringi au ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Simamisha injini hiyo na uifungue.

Kwa nyuzi 42 tungefanya haya kabla ya skrubu. Weka plagi baridi zaidi, kwenye plagi za kampuni za O.S. na Novarossi namba inapopanda plagi huwa ya baridi zaidi, mathalani kutoka P6 kwenda P7. Hakikisha aina ni ile ile, kwa maana plagi ya tabo (turbo) yenye kiti cha mteremko haifungi kwenye kichwa cha plagi ya kawaida inayotumia washa ya shaba. Ongeza shimu ya milimita 0.1 chini ya kichwa. Kata kioo cha mbele cha bodi na tundu la nyuma la kutolea hewa, maana hewa isiyotoka haipoozi. Chupa ya kujazia na gari lenyewe vikae kivulini, kwa sababu mafuta yaliyochemka kwenye tangi hutoa mapovu, na mapovu yakifika kabureta injini inakatakata. Baada ya hayo, kama bado inapita 130, legeza skrubu ya juu saa moja tu.

Kipimajoto kikiharibika, dondosha tone la maji kwenye mapezi ya kichwa. Likichemka taratibu na kuisha kwa sekunde tatu hadi tano, joto ni la kawaida. Likiruka na kupotea papo hapo, zima.

Injini mpya niliyoagiza imekaza sana, stata inashindwa kuizungusha. Nimeambiwa niichome mafuta mengi ikiwa baridi ili ijilainishe. Ni sawa? — Msomaji, Arusha

Hapana, na ushauri huo umevunja konrodi nyingi. Silinda ya injini hizi ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu ndani, na sehemu ya juu imebanwa kidogo kuliko ya chini. Ikiwa baridi, pistoni ya alumini hukwama inapofika kileleni. Ikipata moto, shaba hutanuka kuliko alumini ile iliyochanganywa na elementi ya silikoni kwa wingi (si silikoni ya gasketi), na nafasi inajitengeneza yenyewe. Kwa hiyo injini mpya inayozungushwa baridi inamvuta konrodi kila mzunguko apite penye kizuizi, na bushi yake ya chini inalika kabla injini haijaona uwanja.

Ipashe kwanza. Draya ya nywele au bunduki ya joto kwa dakika kadhaa, mpaka kichwa kisome nyuzi 80 hivi. Weka matone mawili matatu ya mafuta ya kulainisha kwenye tundu la plagi, zungusha flaiwili kwa mkono mpaka uhisi inapita, funga plagi, washa. Skrubu ya juu iwe imelegezwa saa tatu hadi sita kuliko kipimo cha kiwandani. Mafuta mengi yatataka kuipooza, kwa hiyo funga kichwa kwa karatasi ya alumini ya jikoni, ukiongeza au kupunguza mpaka joto likae kati ya nyuzi 90 na 100. Hilo ndilo jambo kuu: mafuta mengi na joto la kutosha kwa pamoja.

Matangi mawili ya kwanza ya sentimita za ujazo 125 iache kwenye sailensi, gari likiwa juu ya kisanduku. Usipige resi magurudumu yakiwa hewani. Bila mzigo injini hupanda mizunguko ambayo hata mbio haziifikishi. Kisha ishushe chini, uendeshe kwa nusu triga, ukifungua kidogo na kuachia, tangi moja kwa wakati. Baada ya kila tangi iache ipoe kabisa pistoni ikiwa chini. Weka alama ya kalamu kwenye flaiwili mahali pistoni ilipo chini kabisa ili usikisie. Ukiiacha ipoe pistoni ikiwa kileleni, silinda inasinyaa juu yake na ule mbano unapotea.

Kuanzia tangi la nne kaza saa moja kila tangi. Ukimaliza lita moja, yaani matangi manane, iko tayari kwa mbio nyepesi, na mpaka lita mbili zipite iache na mafuta mengi kidogo kuliko unavyotamani. Injini iliyoongezwa nguvu isiharakishwe hapa, kwani fundi ameilipia usahihi ambao unaweza kuufuta kwa asubuhi moja.

Na ikikwama kileleni ukiwa uwanjani, usiishike kranki kwa plaizi. Toa plagi, pasha kichwa, zungusha flaiwili kinyumenyume.

Mafuta ya nitro hayapatikani huku na yakipatikana bei ni kubwa. Je, nikichanganya petroli na oili ya 2T ya pikipiki? — Msomaji, Mwanza

Haitawaka. Plagi hii haitoi cheche. Waya wake una platini, na methanoli inapoigusa platini ya moto hutokea mmenyuko unaoiweka nyekundu hata baada ya kuondoa betri ya kuwashia. Petroli haina tabia hiyo. Injini za petroli za rimoti zipo, lakini zina mfumo wa cheche na ni nyingine kabisa. Hata oili ya 2T peke yake haifai kwa sababu oili ya madini haichanganyiki na methanoli, inajitenga na kukaa chini ya chupa. Mafuta yanayoyeyuka ndani yake ni ya nyonyo na yale ya sintetiki yaliyotengenezwa kwa kazi hii.

Kama tatizo ni bei, nunua yenye nitro kidogo, ya asilimia 16 badala ya 25 au 30, na usome jibu la msomaji wa Hamburg hapa chini. Usipunguze oili kwa kuongeza methanoli tupu. Na methanoli ni sumu inayopofusha na kuua. Usiivute kwa mdomo kwenye mpira, vaa glovu, usiihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa saa moja. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo ndoo ya maji ikae karibu na meza ya kujazia.

Nina dirili ndogo ya kuchongea na nataka kuinua mlango wa ekzosi kwenye silinda na kupunguza uzito wa kranki kama wanavyofanya mafundi wakubwa. Nianzie wapi? — Msomaji, Nakuru

Tunaipenda hamu yako, na tungependa iende mahali ambapo haitakugharimu injini. Tazama hesabu. Injini ya kawaida ya 3.5 ina silinda ya kipenyo cha milimita 16.27 na mwendo wa pistoni wa milimita 16.8. Pale mlango wa ekzosi unapoanza kufunguka, pistoni inasafiri karibu milimita 0.14 kwa kila nyuzi moja ya kranki. Ukiinua ukingo wa mlango kwa milimita 0.1, unene wa karatasi ya ofisi, umeongeza muda wa kufunguka kwa takriban nyuzi 1.4. Injini ya bagi ya vumbi huwa na ekzosi ya nyuzi mia moja sitini na kitu hadi sabini na kitu. Milimita 0.3 iliyopotea kwenye mkono unaotetemeka inaongeza nyuzi 4, na nguvu ya kutoka kwenye kona inahamia juu kwenye resi ambayo uwanja wa vumbi haukupi nafasi ya kuitumia. Tena kromu ikichongwa bila jiwe linalofaa humeguka ukingoni, na kila pistoni inapopita inabeba vichembe.

Kranki ni hatari zaidi. Ukiondoa sehemu ya kumi ya gramu umbali wa milimita 5 kutoka katikati, kwenye mizunguko 35,000 umeacha msukumo wa karibu kilo 0.7 usio na wa kuusawazisha, unaozunguka mara 580 kwa sekunde. Beringi ndiyo inayolipa. Mafundi wanaouza injini zilizoongezwa nguvu huchonga njia ya hewa ya kranki kisha wanairudishia usawa, mara nyingi kwa vipande vya tangsteni, na hujaza silikoni kwenye mapengo ili mchanganyiko upite bila msukosuko. Nyuma huweka beringi yenye gololi za seramiki, ambazo ni nyepesi na haziliwi na kutu. Kama injini yako ina silikoni hiyo, ikague kila unapofungua. Ikianza kunyanyuka pembeni itolewe yote ijazwe upya, kwa sababu kipande kilichochomoka kitapita kwenye milango ya silinda.

Anza na vitu unavyoweza kuvirudisha. Pete ya kabureta ni ya kwanza: kutoka milimita 7 kwenda 6.5 kunapunguza ulaji wa mafuta na kulainisha uondokaji, na kwenye uwanja wenye utelezi mara nyingi ndiko kunakoshusha muda wa mzunguko. Ya pili ni shingo ya ekzosi. Ekzosi hizi hurudisha wimbi la mgandamizo linalosukuma mchanganyiko uliotoroka urudi ndani ya silinda kabla mlango haujafunga. Shingo ndefu humfanya wimbi achelewe, nguvu inakuja kwenye resi ya chini. Fupi huileta juu. Ya tatu ni nafasi kati ya pistoni na kichwa. Kata waya laini wa risasi wa kuchomelea, uuingize kwa tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda juu ya pini ya pistoni, zungusha flaiwili mara moja, toa, pima ncha iliyobanwa kwa kalipa. Kwa mafuta ya asilimia 25 tunapenda milimita 0.5 hadi 0.6. Ukibadilisha kitu kimoja kwa siku moja ya mazoezi, ukaandika daftarini, utaijua injini yako vizuri.

Huku Ujerumani siwezi tena kununua asilimia 25 kama zamani. Nimepewa ya 16 na injini imekuwa goigoi. Imeharibika? — Msomaji, Hamburg

Haijaharibika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1148, iliyoanza kutumika Februari 2021, inazuia kuuzia umma nitromethani inayozidi asilimia 16 kwa uzito bila kibali. Zingatia hayo maneno "kwa uzito". Nitromethani ni nzito kuliko methanoli, hivyo 16 kwa uzito ni kama 12 tu kwa ujazo, wakati 25 uliyoizoea huenda ilipimwa kwa ujazo. Umeshuka zaidi ya unavyodhani.

Nitromethani huhitaji hewa kidogo sana: kilo moja huungua na kilo 1.7 ya hewa, wakati methanoli hutaka zaidi ya kilo 6. Ikipungua, hewa ile ile inahitaji mafuta machache, na skrubu zako za zamani zinaifurisha injini. Ondoa shimu ya milimita 0.1, weka plagi ya moto zaidi kwa hatua moja, kisha kaza skrubu ya juu saa moja moja, pengine saa tatu kwa jumla, na ya chini saa moja. Utapata pia dakika zaidi kwenye tangi.

Nakaa karibu na bahari. Kila nikifungua injini baada ya wiki mbili nakuta kutu kwenye beringi ya nyuma. Na konrodi ibadilishwe lini? — Msomaji, Tanga

Methanoli hufyonza maji kutoka hewani, na nitro ikiungua huacha asidi. Ukizima gari na kuliweka kabatini, mchanganyiko huo unabaki umelala kwenye beringi usiku kucha. Ukimaliza kukimbiza, mwaga tangi, washa tena uiache iishe mafuta yote mpaka izime na isiwake tena. Ikiwa bado na joto, weka matone matano sita ya mafuta ya kuhifadhia kwenye kabureta na mengine kwenye tundu la plagi, izungushe kwa stata sekunde mbili tatu, pistoni ishushwe chini, ziba kabureta na ekzosi. Kopo la mafuta lifungwe kila baada ya kumimina. Lililobaki robo kwa miezi kwenye hewa ya pwani usilitumie kwenye injini ya mashindano.

Konrodi tunashauri ibadilishwe pamoja na beringi ya nyuma kila lita 7 au 8, hata kama haionyeshi dalili. Kati ya hapo, toa bamba la nyuma, weka pistoni chini kabisa, ushike konrodi na uisukume juu na chini. Mchezo unaohisika kwa vidole unatosha kuihukumu. Kabla ya kuitoa, weka alama upande unaotazama nyuma, kwa sababu tundu la mafuta kwenye bushi lina upande wake. Na kama injini inawaka ikiwa baridi lakini inazima kwenye sailensi ikipata moto na haiwaki tena mpaka ipoe, mbano wa silinda umekwisha: agiza pistoni na silinda pamoja, kamwe si kimoja.